Upande wa Mizigo

Shimo lilipofika kimo cha kifua, sururu ya Luseno iligonga kitu ambacho hakikuwa jiwe. Aliinama, akafuta udongo kwa kiganja, akatazama kwa muda, kisha akapanda ngazi bila haraka na kuomba malipo ya nusu siku.

"Mbona nusu?" aliuliza Kavinya, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni.

"Mathe, mimi nilikubali kuchimba choo. Huko chini kuna msee amelala."

Kavinya aliweka ungo chini, akaenda ukingoni, akaona fuvu. Lilikuwa limelala ubavu, likitazama upande wa ukuta wa jirani. Jambo la kwanza lililomjia kichwani halikuwa kifo. Alimfikiria mama mkwe wake, Ndindi, aliyekuwa ndani akikisubiri choo hicho tangu Pasaka.

Ndindi alikuwa ameteleza na kuvunjika nyonga, na hospitali ilimrudisha nyumbani Majengo akiwa na chuma mwilini na fimbo mbili za kutembelea. Choo cha karibu kilikuwa cha kulipia, kule kwenye barabara ya kwenda Gikomba, mwendo mfupi kwa mtu mzima na safari nzima kwa Ndindi. Ndiyo maana mwanawe Makau, ambaye kazi yake ni kuchonga twiga wa kuuziwa watalii, alichonga twiga mpaka vidole vikapasuka, akapata cha kumlipa mchimbaji. Nyumba yenyewe, ambayo Makau aliachiwa na shangazi yake, ilikuwa ya udongo na mabati, na uwanja wa nyuma ulitosha choo kimoja na kamba ya nguo.

"Kuna nini huko?" Ndindi aliita kutoka ndani.

"Kuna mtu, Mwaitu," alijibu Kavinya, akimwita mama kwa Kikamba.

"Mwambie atoke. Mimi nimebanwa."

* * *

Polisi walikuja watatu, bila gari la kubebea maiti, kwa kuwa gari hilo halikuwa na mafuta. Sajini alichungulia shimo, akaomba kiti, akakaa na kufungua kitabu chake.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Ni mimi, afande," alisema Makau. Alikuwa ameitwa kutoka karakana na bado alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Hapa kwako amepotea nani?"

"Hakuna."

"Una wake wangapi?"

"Mmoja."

"Yuko wapi?"

"Ndiye huyo amesimama nyuma yako."

Sajini aligeuka, akamtazama Kavinya kuanzia kichwani hadi miguuni, akaandika.

"Mpangaji?"

"Hatujawahi kuwa na mpangaji."

"Kuna mtu mmekosana naye juu ya pesa?"

"Mimi ndiye nadaiwa, afande. Sidai mtu."

"Hiyo ndiyo sababu watu huua," alisema sajini, akafunga kitabu.

Makau alichukuliwa kwa miguu, katikati ya polisi wawili, akapitishwa mbele ya vibanda vya watu aliowasalimia kila asubuhi kwa miaka ishirini. Wengine walimwita kwa jina. Wengine, ambao pia walimjua kwa jina, walijishughulisha na vitunguu. Muuza makaa ambaye Makau alikuwa mteja wake alisikika akimwambia mwenzake kwamba yeye siku zote alimwona yule mtu ni mkimya kupita kiasi.

Alilala korokoroni pamoja na kijana aliyeiba betri ya pikipiki. Kijana alimuuliza ameletwa kwa kosa gani. Makau akasema choo. Kijana akasogea kidogo, akamwachia nafasi ya kulala.

* * *

Polisi wa tatu aliachwa kulinda shimo. Jioni ile Khadro alizunguka ukuta na kusimama mlangoni kwa Kavinya. Walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Khadro aliuza anjera, zile chapati laini za Kisomali, na sambusa, na Kavinya aliuza mapazia ya mitumba, wote soko la Gikomba. Mmoja akiugua, mwingine alimwangalizia bidhaa.

"Kavinya," alisema Khadro, "naomba kuona meno."

Kavinya hakuuliza meno ya nani. Miaka mitatu kabla ya hapo Abdiqani, mwana wa Khadro, alitoka kununua mkate. Mtu mmoja alimwona akiingizwa kwenye gari lisilo na namba. Tangu siku hiyo mkate haujafika na Abdiqani hajafika. Khadro alikuwa amezunguka kila mahali panapohifadhi watu, wazima na wafu, akijibiwa kwa upole na bila upole.

"Hairuhusiwi kusogea," alisema polisi.

Kavinya alimletea chai ya maziwa na anjera mbili za Khadro mwenyewe. Polisi alipokea, akageuka kutazama ukuta, akala taratibu kama mtu anayetaka kuwapa wengine muda.

Khadro alishuka ngazi, akiwa amekusanya buibui lake mkono mmoja. Aliwasha tochi ya simu. Kavinya, juu yake, alisikia pumzi zake tu.

"Abdiqani alikuwa na pengo hapa juu," alisema Khadro. "Alianguka na baiskeli akiwa darasa la tano. Huyu meno yake yote yapo."

"Kwa hiyo siye."

"Siye. Alhamdulillahi."

Alipanda, akaketi kwenye rundo la udongo na kulia. Kavinya aliketi karibu naye. Hakumuuliza kama analia kwa sababu hakumpata au kwa sababu alikuwa ametumaini kumpata.

* * *

Kesho yake alikuja msichana mmoja mwenye brashi, miwani na viatu vya mvua. Aliitwa Sally, na alitoka katika idara inayoshughulika na mambo ya kale. Alishuka shimoni, akapangusa kwa subira ya mtu anayesugua sufuria ya kuazima, akatoka na kipande kidogo cha shaba chenye tundu na namba.

"Mnaweza kumwachilia mzee," aliwaambia polisi. "Huyu alikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita."

Polisi alipiga simu. Makau alirudi saa sita mchana. Hakuna aliyemwomba radhi. Aliambiwa tu kwamba mshipi wake, aliovuliwa alipoingia, haukuonekana.

Ndindi alikuwa ametolewa nje, amewekwa kwenye kiti cha plastiki karibu na shimo. Aliomba kuelezwa.

"Nyanya, huyu alikuwa mpagazi," alisema Sally. "Wakati wa ile vita ya kwanza kubwa, Waingereza walikuwa hapa, na Wajerumani walikuwa Tanganyika. Walipigana. Hakukuwa na barabara, na punda walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo walichukua watu wawabebee risasi, vyakula, vitanda, kila kitu. Walichukua wengi sana. Wengi walikufa kwa njaa na kuhara. Hiki kipande walivalishwa shingoni."

"Walikuwa wanagombania nini?"

Sally alivua miwani. "Huko Ulaya kuna mrithi wa mfalme alipigwa risasi."

"Mfalme wa Waingereza?"

"Hapana. Wa nchi nyingine."

"Ya Wajerumani?"

"Hata hao pia siyo. Ya marafiki zao."

"Aliyempiga alikuwa mtu wa Machakos?"

"Hapana, nyanya."

"Haya. Endelea."

"Hiyo ilikuwa njiti tu. Kuni zilikuwa zimepangwa kitambo. Kila mmoja wao alikuwa amechukua nchi za watu, na kila mmoja akamwona mwenzake amechukua nyingi kuliko yeye."

"Na hii yetu ilikuwa mojawapo?"

"Hii pia."

Ndindi alitazama shimoni. "Sasa huyu alikuwa upande gani? Wa Waingereza au wa Wajerumani?"

Sally alifikiri. Alikuwa amesomea mambo hayo kwa miaka sita na hakuwa amewahi kuulizwa hivyo.

"Upande wa mizigo," alisema.

* * *

Mifupa ilitolewa, ikafungwa kwa karatasi laini, ikapangwa ndani ya katoni iliyokuwa ya biskuti. Sally alieleza, huku akiangalia chini, kwamba stoo ya idara yao inavuja na inafanyiwa ukarabati. Aliomba katoni ikae pale kwa siku chache. Shimo nalo lisiguswe mpaka kamati ya kumbukumbu ikutane.

"Kamati itakutana lini?" aliuliza Kavinya.

"Ikipata akidi."

Shimo lilizungushiwa utepe wa manjano. Mvua ilinyesha, likajaa maji, na vyura wakaja bila kuulizwa na kamati. Katoni iliwekwa mahali pekee palipokuwa na nafasi, juu ya kabati katika chumba cha Ndindi. Chini ya kitanda ilikaa ndoo ya Ndindi, iliyofunikwa kwa sinia. Kila alfajiri Kavinya aliifunga kwa leso na kuibeba hadi choo cha kulipia, ambako mlinzi alimtoza mara mbili, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili ya ndoo.

Ndindi alianza kwa kulalamika. Alisema hajawahi kulala chumba kimoja na mwanamume asiyemjua na hawezi kuanza uzeeni. Siku ya tatu Kavinya alimsikia akisema, "Umeamkaje?" Alipoingia, hakukuta mtu mwingine.

"Unaongea na nani, Mwaitu?"

"Anakaa hapa. Nimnyamazie?"

Habari ilienea. Watu walikuja kutazama, wakaonyeshwa utepe na maji, wakaondoka wameridhika nusu. Mwandishi wa habari alikuja na kumwekea Ndindi kinasa sauti mdomoni.

"Bibi, tuambie. Huyu ni nani wako? Babu? Mjomba aliyepotea vitani?"

"Simjui."

"Lakini moyoni unahisi kwamba ni mtu wa kwenu?"

"Alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Nitamhisi vipi?"

Mwandishi alizima mashine, akamshukuru, akaenda kumhoji muuza makaa, aliyehisi mengi.

* * *

Wageni wakubwa walikuja Alhamisi. Aliyewaleta alikuwa Bi Wacera, mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu, mama mnene mchangamfu aliyemwita kila mtu "mpenzi". Wageni walikuwa wazungu wawili. Mmoja alitoka katika ubalozi wa walioshinda vita vile, na mwingine wa walioshindwa. Walikuja kwa gari moja.

Walikuwa watu wastaarabu. Walipishana mlangoni, kila mmoja akimtaka mwenzake atangulie, mpaka Makau akadhani wameghairi kuingia. Walileta shada moja la maua lenye riboni mbili za rangi tofauti. Kwa kuwa shimo lilikuwa na maji, shada liliwekwa kwenye kamba ya nguo kwa muda.

Bi Wacera alitoa hotuba fupi uwanjani. Alisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kila mtu alipiga makofi, kwa sababu waliijua.

"Nyasi huota tena," alisema Ndindi, si kwa sauti kubwa.

Kisha wageni waliomba kuiona katoni. Kavinya alikuwa amefagia, amefukiza ubani wa Khadro, ametandika shuka mpya. Lakini chumba kilikuwa kidogo na jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, na watu wanne walipoingia hakukuwa na jinsi ya kutosikia harufu ya ndoo. Mzungu wa kwanza alianza kupumua kwa mdomo. Wa pili alitabasamu akitazama dari. Kavinya alisimama mbele ya kitanda akitandaza leso yake kama kuku anayefunika vifaranga.

Ndindi, aliyekaa kitandani, aliona yote.

"Waambie hiyo ni ndoo yangu," alimwambia Bi Wacera. "Waambie nilikuwa najengewa choo, kimezuiwa na vita vyao."

Bi Wacera aligeuka na kuwaambia wageni kwa Kiingereza maneno machache. Wageni waliinamisha vichwa, wakaweka mikono vifuani.

"Umewaambia?" aliuliza Ndindi.

"Nimewaambia unawakaribisha sana, mpenzi."

"Na hawa, walipatana lini?"

"Nani?"

"Hao wawili. Na wazee wao."

"Zamani sana! Sasa ni marafiki wakubwa. Hata watoto wao wanasomeshana."

Ndindi alitikisa kichwa.

Wakitoka, Bi Wacera alimshika Kavinya mkono, akamsogeza pembeni, akamwambia kwamba ana bahati kubwa. Kamati ilikuwa imekusudia kujenga mnara wa kumbukumbu hapo hapo, penye nyumba na uwanja, na wageni walikuwa wamekubali kuchangia. Kungekuwa na maua, bomba la maji na mlinzi.

"Na sisi?"

"Mtahamishiwa mahali pazuri, mpenzi. Nje ya mji. Kuna hewa."

"Gikomba nitafikaje?"

"Na fidia mtapata."

"Lini?"

"Kamati itakaa," alisema Bi Wacera, akamkumbatia.

* * *

Sally alikuja siku iliyofuata, kwa kisingizio cha kuangalia katoni. Hakukaa. Aliongea na Kavinya mlangoni huku akibofya simu yake, kama mtu anayeongea na simu.

"Mama, mimi sijasema kitu. Lakini mnara unahitaji mtu wa kuwekwa chini yake. Jamaa wa marehemu wakimdai, anakuwa wao. Wanamzika wanakotaka. Barua ya chifu inatosha."

"Na jamaa wakiwa hawajulikani?"

"Mama, mimi sijasema kitu," alirudia Sally, akaenda.

Kavinya alikuwa mwanakamati wa akina mama kanisani na hakuwa mtu wa kusema uongo. Lakini alilala macho wazi, na kulipokucha alikuwa amekata shauri. Alimweleza mumewe huku wakinywa chai.

"Hapana," alisema Makau. "Juzi tu nilikuwa muuaji wake. Leo niwe mjukuu wake?"

"Unataka kwenda kukaa kwenye hewa?"

"Karakana iko hapa."

"Basi."

Makau alikunywa chai yake. "Chifu atataka neno la mzee," alisema. "Mwambie Mwaitu wewe."

Ndindi alikataa katakata. Alisema amemwambia mwandishi mbele ya watu kwamba hamjui mtu huyo, na redio ilimtangaza. Alisema mtu hachezei wafu. Kwao Mwala kulikuwa na mwanamume aliyeapa uongo juu ya kaburi na ng'ombe wake wote wakapofuka.

"Sisi hatuna ng'ombe," alisema Kavinya.

"Nina macho."

"Mwaitu, wanatuondoa. Choo hakitakuwapo, nyumba haitakuwapo. Utabaki na ndoo."

"Nitabaki na ndoo na ukweli wangu."

Kavinya alitoka nje, akafua nguo ambazo hazikuwa chafu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe kumgeuzia mama mkwe wake mgongo akiwa bado anaongea.

Khadro alikuwa amesikia yote, kama mtu asikiavyo ukuta ukiwa wa udongo. Aliingia kwa Ndindi na sahani ya anjera za moto, akaketi chini kwenye mkeka. Kavinya aliwasikia kupitia dirishani.

"Kula, nyanya."

"Umetumwa?"

"Sijatumwa." Khadro alimsogezea sahani. "Nyanya, mimi nina jina, sina mwili. Kila Ijumaa nalitaja hilo jina, na sijui nalipeleka wapi. Wewe una mwili hapo juu ya kabati, hauna jina. Ningekuwa mama yake huyo, huko aliko, nisingeuliza kama aliyemzika mwanangu alikuwa ndugu wa kweli."

Ndindi alinyoosha mkono. Alikula anjera moja, kisha nyingine. Kisha akaomba fimbo zake.

* * *

Chifu alikuwa na foleni ndefu na peni moja iliyofungwa kwa kamba mezani. Walimpandisha Ndindi ngazi nne za ofisi, wakamkalisha mbele yake.

"Marehemu aliitwa nani?"

Makau alitazama viatu vyake. Kavinya alikuwa amemwandalia mama mkwe jina njiani, jina la babu mmoja aliyejulikana, lakini Ndindi hakulitumia.

"Muthama," alisema.

"Muthama nani?"

"Muthama, basi. Zamani jina lilikuwa moja."

"Ni nani wako?"

Nyuma yao mtu alikohoa.

"Ni wetu," alisema Ndindi.

Chifu aliandika. Alimjua bibi huyo kwa sababu ya redio, na alijua pia habari za mnara, na alikuwa na dada aliyehamishiwa kwenye hewa miaka kumi iliyopita na bado anangoja fidia. Hayo hakuyasema.

"Alikufa lini?"

"Wakati wa vita."

"Kifo hutakiwa kuripotiwa mara moja. Mmechelewa."

"Tumechelewa kidogo," alikiri Makau.

"Kuna ada ya kuchelewa," alisema chifu, kisha akakumbuka kwamba karatasi ya ada haikuwa na nafasi ya kutosha kuandika miaka yote hiyo, akaiacha. Akapiga muhuri.

Nje, Makau alimshika mama yake mkono. "Mwaitu, Muthama ni nani? Sijawahi kumsikia."

"Kabla yangu alizaliwa mvulana. Alikufa siku ya pili, hajapewa jina. Baba alikuwa ameshamchagulia hilo." Ndindi alivuta pumzi, ngazi zilikuwa zimemchosha. "Halikutumika. Lilikuwepo tu."

* * *

Kamati ilipata akidi baada ya mwezi, ikakuta haina mtu wa kuweka chini ya mnara. Bi Wacera alimpigia Kavinya simu, akamwambia kwa huzuni kwamba wangeshauriana kwanza, mpenzi. Kibao kidogo kilibandikwa kwenye ukuta mmoja karibu na soko, na kwa kuwa kina msumari mzuri, wauzaji hutundikia makoti. Luseno alifukia shimo la kwanza na kuchimba jingine pembeni, karibu na mlango. Alikwenda chini kwa uangalifu, akisimama kila mara kusikiliza, na hakukuta kitu ila mizizi. Ndindi aliingia humo siku ya kwanza peke yake, akafunga mlango kwa komeo, akakaa muda mrefu kuliko haja.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mazishi yalifanyika makaburi ya Lang'ata, Jumanne asubuhi, kukiwa na ubaridi. Makau alikuwa ametengeneza sanduku la mwembe, fupi, kwa kuwa mtu akishabaki mifupa hahitaji urefu. Alikuwa amelipiga msasa kwa siku mbili, akalipaka nta. Luseno alikuja amevaa shati jeupe. Alisema yeye ndiye aliyemwona wa kwanza, isingekuwa vizuri asimuage. Alisema pia kwamba kwao Kakamega babu wa babu yake alichukuliwa hivyo hivyo na hakurudi, nao walipanda mgomba mahali pa kaburi. Sally alikuja kwa likizo ya siku moja, akasimama nyuma. Khadro hakuwa na mazoea ya kwenda makaburini. Kwao wanawake hubaki nyumbani. Alisema anamsindikiza jirani.

Mchungaji aliuliza kama marehemu alikuwa ameokoka. Kavinya alisema hajui. Mchungaji akaomba kwa tahadhari, akimwachia Mungu sehemu zote ngumu, kisha akauliza kama kuna wa familia atakayesema neno.

Ndindi alisogezewa kiti hadi ukingoni. Hakuwa amevaa miwani, na aliongea kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayempa maagizo mgeni asiyezijua njia.

"Muthama, mimi ni Ndindi. Tumelala chumba kimoja, nimekuzoea. Nina habari yako. Wale waliokuchukua wamepatana. Walipatana kitambo, sijui kwa nini hukuambiwa. Nimewaona kwa macho yangu, walikuja kwangu kwa gari moja, wakaleta maua. Hakuna anayekungoja na mzigo. Uweke chini. Kama kwenu ni Mwala, ni Kitui, ni kwingine, nenda tu. Ukiulizwa, useme ulizikwa na watu."

Luseno, ambaye hakujua Kikamba, alivua kofia. Makau alisema amina. Alikuwa amemchukia mtu huyo tangu usiku ule wa korokoroni, na sasa aliona aibu, akashika sepetu na kuanza kurudisha udongo kabla wenyewe wa makaburi hawajamruhusu.

Kaburi lilipojaa, watu walianza kuelekea langoni. Kavinya alibaki akikusanya leso na chupa ya chai. Hatua chache kutoka kwake, Khadro alikuwa amesimama na mchimba kaburi, mzee mwenye koti la mvua.

"Samahani, mzee," Khadro alikuwa akisema. "Mtu anaweza kununua nafasi hapa bila mwili?"

"Bila mwili vipi?"

"Jina tu. Kipande cha ardhi na jina."

Mzee alifuta sepetu yake kwa majani. Hakuwa mtu mbaya. "Hapana, mama. Kibali kinataka mwili. Ni wa nani?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Kavinya alisimama na chupa mkononi. Katika wiki zile alikuwa amepitisha uongo kwa chifu na kwa mchungaji, lakini hakupata hata mmoja wa kumpa jirani yake. Alienda akasimama karibu naye, bega kwa bega, wote wawili wakiutazama udongo mwekundu uliokuwa bado mbichi.

"Nyinyi!" Ndindi aliita kutoka kwenye kiti. "Mmeniacha hapa nizikwe mimi? Nani ananiinua?"

Wakaenda. Kavinya alimshika kwapa la kulia, Khadro la kushoto, wakahesabu moja, mbili, wakamwinua.